Kuingiza onkojeni kwenye seli za utumbo zilizokuzwa maabara: mwongozo kamili, kutoka chupa ya kwanza hadi koloni kwenye agari

Wanafunzi wa uzamili huniletea picha zilezile na swali lilelile: "Niliingiza RAS kwenye seli za utumbo, zikabadilika sura, lakini msimamizi wangu amekataa kuyapokea matokeo. Nimekosea wapi?" RAS ni onkojeni, yaani jeni inayoweza kuisukuma seli kuelekea saratani. Nikifungua daftari lao la maabara, mara chache kosa huwa kwenye jeni. Huwa kwenye seli zilizochoka, kwenye virusi vya kubebea jeni vilivyopitishwa katika kichujio kisichofaa, na hasa kwenye kundi la ulinganisho lililotengenezwa wiki mbili baadaye, kama mpishi aliyekumbuka chumvi wali ukiwa umeshapakuliwa.

Hapa tutafuata jaribio moja mpaka mwisho: KRAS, mmoja wa familia ya jeni za RAS, yenye badiliko la G12V (asidi amino ya 12 ya protini imetoka glisini ikawa valini), kwenye seli za IEC-18, ambazo asili yake ni utumbo mwembamba wa panya mkubwa wa maabara. Ukiliweza hili, kubadilisha jeni ni kazi ndogo.

## Kwa nini seli hizi

IEC-18 na ndugu zake IEC-6 na RIE-1 huitwa "za kawaida", na neno hilo lataka tahadhari. Haziachi kugawanyika kama inavyoacha seli iliyotolewa mwilini jana, kwa hiyo hatua moja ya safari ya saratani tayari imeshapigwa. Lakini bado zina nidhamu: hupunguza kukua zikigusana, huhitaji sakafu ya kushikilia, na zikielea hufa. Nidhamu hiyo ndiyo tunayoipima. Usiandike kwenye ripoti kwamba umegeuza "seli ya kawaida" bila kueleza haya.

Zina faida nyingine kubwa. Kwa kuwa ni za panya, unaweza kutumia virusi vinavyoambukiza panya tu na kumwacha binadamu salama.

## Vifaa: viwe mezani kabla hujayeyusha seli

- Seli za IEC-18 zenye namba ndogo ya uhamisho (zimehamishwa chupa hadi chupa mara chache), zilizopimwa maikoplazima, bakteria wadogo wanaochafua seli, kwa PCR, njia ya kutambua DNA.
- Midia ya DMEM yenye seramu ya ndama asilimia 5 na insulini uniti 0.1 kwa mililita.
- Seli za Phoenix-Eco za kutengenezea virusi, pamoja na DMEM yenye seramu asilimia 10.
- Plasmidi (duara za DNA) nne za familia ya pBabe-puro, ambazo ndizo vekta, yaani vyombo vya kubebea jeni pamoja na kinga dhidi ya puromaisini: tupu, yenye KRAS isiyo na badiliko, yenye KRAS G12V, na yenye protini ya kijani inayong'aa, GFP.
- Kemikali ya kuingizia plasmidi kwenye seli, polibrini (husaidia virusi kushika seli) na puromaisini (dawa inayoua seli zisizobeba vekta).
- Vichujio vya mikromita 0.45 vya selulosi asetati au PES.
- Kingamwili dhidi ya RAS, ERK (protini inayowashwa na ishara ya RAS), ERK iliyofosforilishwa (yaani iliyowashwa) na aktini (ya kulinganishia wingi wa protini).
- Agari safi ya maabara au agarosi inayoyeyuka kwa joto dogo.
- Poli-HEMA (rangi ya kupaka sahani ili seli zisishike), na TGF-beta 1 (protini inayoziamuru seli ziache kukua).
- Kabati la usalama wa kibayolojia la daraja la pili, inkubeta ya nyuzi 37 yenye kaboni dayoksaidi asilimia 5, nitrojeni ya kimiminika.

Hesabu gesi pia. Kazi hii itakuchukua wiki sita hadi nane, na mtungi ukiisha usiku wa Jumamosi seli zitakuwa zimeonja tindikali tofauti kufikia Jumatatu. Umeme ukikatika mara kwa mara pale ulipo, inkubeta iunganishwe na jenereta kabla ya siku ya kwanza. Seli zilizopoa na kupashwa tena huweza kuonekana hai, ila hazikui kwa kasi ileile, na wewe utaipa jeni sifa isiyo yake.

## Hatua ya 1: Ruhusa na usalama

Kenya ina Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009. Tanzania ina kanuni zake za mwaka huohuo chini ya sheria ya mazingira. Anza na kamati ya usalama ya chuo chako, na uanze mapema.

Virusi vya Phoenix-Eco huingia kwenye seli kupitia mlango wa protini iitwayo CAT-1. Ganda lake huutambua mlango wa panya na kuushindwa wa binadamu. Onyo: ukibadilisha ganda likawa la VSV-G, protini ya virusi vingine, kinga hiyo imeondoka. Hapo una onkojeni ndani ya chembe inayoweza kuingia kwenye seli za mkono wako. Usitumie sindano wala chombo cha kioo chenye ncha, vaa glovu mbili, na kila kilichogusa virusi kiloweshwe kwenye dawa ya klorini kabla ya kutupwa.

## Hatua ya 2: Zijue seli kabla ya kuzigusa

Kuza IEC-18 kwa wiki mbili bila kuziingizia chochote. Zihamishe zikiwa zimefunika asilimia 70 hadi 80 ya chupa, wala usingoje zijae. Zilizoachwa zikabanana kila mara huchujana zenyewe: zile zisizojali msongamano ndizo huzaana zaidi, na baada ya miezi michache una kundi lililogeuka nusu bila jeni yoyote.

Gandisha chupa kumi mara tu zinapopona. Binafsi huweka kikomo cha uhamisho kumi tangu kuyeyusha, kisha natupa na kufungua chupa mpya. Inauma kutupa seli nzuri, lakini inauma zaidi kurudia mwaka.

Umefaulu ukiona: seli bapa zenye kingo zilizoshikana kama mawe ya sakafu, na zikijaa, ukuaji unapungua waziwazi.

## Hatua ya 3: Tafuta dozi ya puromaisini

Panda seli ambazo hazijaambukizwa kwenye sahani ya visima 6 na uweke puromaisini 0, 1, 2, 3, 4 na 5 mikrogramu kwa mililita. Dozi yako ni ile ndogo kabisa inayoua zote ndani ya siku tatu.

Usinakili dozi ya mwenzako. Ikiwa ndogo mno, seli zisizo na jeni zitabaki na kupunguza nguvu ya matokeo. Ikizidi, utabakiza zile zilizobeba nakala nyingi za vekta tu.

## Hatua ya 4: Tengeneza virusi

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo twende polepole.

Kwanza hakiki plasmidi kwa kuikata na vimeng'enya, kisha soma mfuatano wa kodoni ya 12, herufi tatu za DNA zinazoamua asidi amino ya 12. Badiliko lote la G12V ni herufi moja, GGT kuwa GTT. Jina lililoandikwa kwenye kifuniko cha chupa si uthibitisho.

Panda Phoenix-Eco jioni ili kesho yake zifunike asilimia 60 hadi 70 ya sahani. Hazishiki sakafu kwa nguvu, basi mimina midia ukutani mwa sahani, si juu yao. Ingiza plasmidi zote nne siku moja, kwa kemikali ya toleo moja, kila moja kwenye sahani yake. Phoenix hubeba ndani yao jeni za kujenga mwili wa virusi, ndiyo maana plasmidi moja inatosha.

Baada ya saa 24 badilisha midia, na ukiwa na inkubeta ya pili, hamishia sahani kwenye nyuzi 32. Virusi hivi hupoteza nguvu haraka kwenye nyuzi 37; baridi kidogo huvihifadhi. Ifikapo saa 48, vuna majimaji na uyapitishe kwenye kichujio cha mikromita 0.45.

Onyo: usitumie kichujio cha mikromita 0.22, kwa kuwa kinaweza kuzuia sehemu kubwa ya virusi. Usitumie cha nitroselulosi, maana hunasa protini za ganda. Na usigandishe halafu uyeyushe kama unaweza kutumia siku hiyohiyo. Kila mzunguko mmoja hula sehemu kubwa ya virusi.

Umefaulu ukiona: kwenye sahani ya GFP, angalau nusu ya seli za Phoenix zinang'aa kijani. Kama hazing'ai, usiendelee.

## Hatua ya 5: Ambukiza

Virusi vya aina hii havipenyi kiini cha seli iliyotulia. Hungoja utando wa kiini uvunjike wakati wa kugawanyika. Kwa sababu hiyo panda IEC-18 siku moja kabla, zifunike asilimia 30 tu ya sahani, ziwe kwenye mbio za kukua. Mwanafunzi anayeambukiza sahani iliyojaa hapati kitu, na virusi vyake havina kosa.

Changanya majimaji ya virusi na midia mpya, ongeza polibrini hadi mikrogramu 8 kwa mililita, ziache saa 6 hadi 8, kisha rudisha midia ya kawaida.

Sasa jambo linalopuuzwa. Usitafute kuambukiza seli zote. Lenga asilimia 30, ukipima kwa sahani ya GFP. Kwa hesabu ya bahati nasibu, kiwango hicho kikifikiwa, katika kila seli 100 zilizoambukizwa 83 hivi huwa na nakala moja ya jeni. Ukiambukiza asilimia 95, nyingi zitabeba nakala tatu au zaidi, na protini ya RAS itafurika kuliko inavyoonekana kwenye uvimbe wa mgonjwa.

Makundi ni matano, na yote yaanze siku moja, kutoka chupa moja: yasiyoambukizwa, vekta tupu, KRAS isiyo na badiliko, KRAS G12V, na GFP. Vekta tupu hukuonyesha kazi ya virusi na puromaisini. KRAS isiyo na badiliko hutenganisha wingi wa protini na kasoro ya protini. Ukikosa moja, swali linabaki wazi na hakuna takwimu itakayolifunga.

## Hatua ya 6: Chagua

Saa 48 baada ya kuambukiza, weka puromaisini kwa dozi yako ya Hatua ya 3. Sehemu ya kundi lisiloambukizwa iliyowekewa dawa lazima ife yote. Ndiyo saa yako. Ikiisha, endelea siku mbili zaidi kisha ondoa dawa.

Weka kundi zima pamoja, usikimbilie kuchagua koloni moja nzuri. Koloni moja ni ukoo mmoja, na huenda uzuri wake umetokana na mahali vekta ilipojichomeka kwenye DNA. Ukitaka koloni mojamoja, chukua angalau tano kwa kila kundi, zikiwemo za vekta tupu.

Gandisha chupa za kila kundi siku hiyohiyo. Tangu sasa kila uhamisho unazibadilisha.

## Hatua ya 7: Thibitisha protini

Fanya wesitani bloti, kipimo cha kutenganisha protini kwa uzito na kuzitambua kwa kingamwili, kabla ya kipimo kingine chochote. Protini ya RAS hutokea kwenye kilodaltoni 21 (kipimo cha uzito wa protini). G12V ikae juu ya vekta tupu, na KRAS isiyo na badiliko iwe na wingi unaokaribiana na G12V. Pima pia ERK iliyofosforilishwa, yenye mistari miwili kwenye 44 na 42.

Onyo: zinyime seli seramu kwa usiku mmoja kabla ya kuzivunja. Seramu peke yake huwasha ERK katika makundi yote, na tofauti uliyoitafuta hufichwa.

## Hatua ya 8: Sura na ukuaji

Piga picha makundi yote kwa msongamano mmoja, mwanga mmoja, ukuzaji mmoja. Seli za G12V hurefuka, hupoteza kingo zilizoshikana, hung'aa ukingoni na kuanza kupandana.

Kisha panda seli 20,000 kwa kisima, visima vitatu kwa kila kundi, uhesabu siku ya 1, 3, 5 na 7. Fanya seti mbili: moja kwa seramu kamili, nyingine kwa asilimia 0.5.

Usishangae kwenye seramu kamili mistari ikienda sambamba siku tatu za mwanzo. Onkojeni si lazima iongeze kasi pale ambapo chakula na nafasi vipo. Tofauti hujitokeza seramu inapopungua na sahani inapojaa: vekta tupu inasimama, G12V inaendelea. Wanafunzi wengi hupima siku tatu, hawaoni kitu, na kutupa jaribio lililokuwa zima.

## Hatua ya 9: Agari laini

Hiki ndicho kipimo kinachobeba ripoti yako. Seli ya kawaida ya utumbo haiwezi kukua ikiwa imening'inia bila sakafu. Iliyogeuka huunda koloni.

Tengeneza tabaka la chini la agari asilimia 0.6 ndani ya midia na uliache ligande. Kwa tabaka la juu, changanya seli 5,000 kwa kisima na agari ya asilimia 0.3.

Joto ndilo muuaji. Agari ikizidi nyuzi 42 unazipika seli. Ikishuka chini ya 38 inaganda mabonge ndani ya pipeti. Weka chupa ya agari na chupa ya midia kwenye beseni la maji la nyuzi 40, pima kwa kipimajoto ulichokihakiki, na changanya kisima kimoja kimoja.

Kabla ya kumimina, chuja seli kwenye wavu wa mikromita 40 na utazame chini ya hadubini kwamba ni mojamoja. Kishada cha seli ishirini siku ya kwanza kitaonekana "koloni" siku ya ishirini bila kugawanyika hata mara moja. Piga picha siku ya kwanza. Ndiyo ushahidi wako pekee dhidi ya tuhuma hiyo.

Ongeza matone ya midia juu mara mbili kwa wiki agari isikauke. Hesabu baada ya wiki tatu, ukiweka kipimo mapema, mfano koloni zinazozidi mikromita 50, na mhesabuji asijue kisima kipi ni cha kundi gani.

Umefaulu ukiona: koloni za duara nyingi kwenye G12V, na karibu sifuri kwenye vekta tupu.

## Hatua ya 10: Kifo cha seli inayoelea

Paka sahani poli-HEMA ili seli zisishike. Weka makundi yote, uvune saa 24, 48 na 72, upime kaspasi 3 iliyokatwa, ambayo ni alama ya seli inayojiua. IEC-18 za vekta tupu hufa kwa wingi. Zenye RAS hustahimili. Kwenye utumbo halisi seli husukumwa kila siku hadi kilele cha vidole vya ukuta na kudondoka, na kifo hicho ndicho usafi wa utumbo. Seli inayokataa kufa baada ya kudondoka imevunja sheria ya msingi kabisa ya nyumba yake.

Pima pia wanaobaki: warudishe kwenye sahani ya kawaida uhesabu koloni. Kaspasi kuwa chini hakuthibitishi kwamba seli inaweza kuishi tena.

Ukimaliza, weka TGF-beta 1 nanogramu 5 kwa mililita kwenye sahani za kawaida. Seli za utumbo husikia amri yake ya kusimama. Zenye RAS huwa nzito wa masikio.

## Jeni tofauti, matokeo tofauti

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo utafiti wa utumbo unapotofautiana na vitabu vilivyoandikwa kwa fibroblasti, seli za tishu unganishi.

RAF iko chini ya RAS kwenye mnyororo wa ishara, na RAF iliyowashwa hugeuza seli za NIH 3T3, fibroblasti za panya mdogo, bila shida. Mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba RAF hiyohiyo haikugeuza RIE-1, ilhali RAS iliweza. Sababu mojawapo ni kwamba seli za RIE-1 zenye RAS hutoa TGF-alfa, kichocheo kinachorudi na kuzichochea zenyewe. Zaidi ya hapo, midia iliyotoka kwa seli zenye RAS iliweza kubadilisha seli jirani zisizo na RAS. Ndiyo maana nasema kila kundi liwe na chupa yake ya midia na pipeti yake: tone moja la majimaji linaweza kukudanganya.

COX-2, jeni ya kimeng'enya kinachohusika na maumivu na homa, ikiingizwa kwenye seli za utumbo za panya, matokeo yaliyoripotiwa mwaka 1995 yalikuwa kuzidi kushikamana na sakafu na kukataa kufa. Ukiitafuta kwa sura ya RAS hutaiona. MYC, onkojeni nyingine, nayo huzisukuma seli kugawanyika lakini huziweka karibu na kifo chakula kikipungua, kwa hiyo hesabu waliokufa pamoja na walio hai.

APC na TP53, jeni za kuzuia saratani, ni kinyume: haziingizwi, zinaondolewa. Mwaka 2015 makundi mawili, moja Japani na jingine Uholanzi, yalitumia CRISPR, mkasi wa kuhariri jeni, kwenye oganoidi (vijiumbo vya seli vinavyoiga kiungo) za utumbo wa binadamu, na uchaguzi ukafanywa kwa kubadilisha chakula. WNT, R-spondini, EGF na Nogini ni protini za kukuzia zinazowekwa kwenye midia. Asiye na APC huishi bila WNT na R-spondini. Mwenye KRAS iliyobadilika huishi bila EGF. Asiye na SMAD4, jeni nyingine ya kuzuia saratani, huishi bila Nogini. Asiye na TP53 hustahimili nutlini-3, dawa inayosimamisha au kuua seli zenye TP53 nzima. Huko hakuna haja ya puromaisini, kwani chakula chenyewe ndicho kichujio.

## Yakikwama

Seli zote zimekufa baada ya puromaisini. Tazama sahani ya GFP kwanza. Isiyong'aa ina maana virusi havikuingia, na mara nyingi seli zilikuwa zimejaa au kichujio hakikufaa.

Protini ya RAS ipo wiki ya pili, imepungua wiki ya sita. Seli zilizoizima zimewashinda wenzao. Rudi kwenye chupa ulizogandisha, na uweke puromaisini siku chache kila baada ya uhamisho wa tatu.

Seli za G12V zimetanuka, zimekuwa bapa na kuacha kukua. Huu ni uzee wa ghafla wa seli unaosababishwa na RAS ikiwa nyingi mno, hasa kwenye seli zilizotoka mwilini karibuni zenye protini za breki, p16 na p53, zikiwa nzima. Punguza virusi, urudie.

Vekta tupu imeota koloni kwenye agari. Usiziondoe kwenye hesabu. Pima maikoplazima, angalia namba ya uhamisho, hakiki kwa PCR kwamba seli ni za panya na hazina KRAS ya vekta. Kama kila kitu ni safi, seli za chupa ile zilikuwa zimegeuka kabla hujazigusa: tupa makundi yote matano, yeyusha chupa ya kwanza kabisa, na uanze tena Hatua ya 2.